UZI: Kutoboa tundu la 3.3 mm lenye kina cha 90 mm kwenye stenlesi 316 bila kuacha biti ndani

#1 shangani_kereza (Mtwara)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba utaratibu kamili wenye namba. Kazi ni mifuko (vikinga vya chuma) ya vipima joto vya mvuke kwenye mtambo wa kuchemshia korosho. Fimbo ni stenlesi 316 ya 16 mm, ikishatobolewa itakerezwa ibaki 12 mm. Tundu ni 3.3 mm, kina 90 mm, halitokei upande wa pili, mwisho inabaki nyama ya 5 mm. Kipima joto chenyewe kina kipenyo cha 3 mm. Vipande viko 8.

Mashine ni leithi (mashine ya kukereza) ya mkono, spidi zake zinaanzia mizunguko 45 mpaka 1400 kwa dakika, na drili ya meza. Pampu ya presha hakuna. Biti zilizopo ni HSS (chuma cha kukatia) za kawaida: zikifika kama 25 mm zinaanza kulia, kisha zinakatika. Nini kinakosekana?

#2 fundi_nyangao (Lindi)
Mkuu, hizo biti ziweke kando kwanza, ila ujue shida inaanzia kwenye chuma chenyewe.

316 haipitishi joto vizuri, ni kama 16 W/m·K tu, wakati chuma laini kiko karibu na 50. Joto la ncha haliendi kwenye fimbo, linabaki kwenye biti. Halafu chuma hiki kikisuguliwa bila kukatwa kinajikaza hapohapo. Ukiacha biti izunguke chini ya tundu bila kuisukuma, hata kwa sekunde mbili, sakafu inaota ngozi ngumu ambayo biti yenye makali yaliyochoka haiipenyi tena. Mlio unaousikia kwenye 25 mm ndio huo. Biti inasugua, haikati.

Kwa hiyo sharti ni moja: biti ikigusa chuma iwe inakata. Kama husukumi, itoe.

Biti za kutafuta ni za kobalti, M35 (kobalti asilimia 5) au M42 (asilimia 8). Shingoni zimeandikwa HSS-Co, HSS-E au M35. Rangi ya dhahabu si ushahidi wa chochote, biti nyingi za bei rahisi sokoni zimepakwa rangi hiyo. Ncha iwe ya digrii 135 iliyochongwa katikati. Kile kipande cha katikati kwenye biti ya digrii 118 hakikati, kinasukuma chuma tu, na kwenye 316 kusukuma ndiko kunakozaa ngozi.

Biti ya kabidi (ngumu sana ila hupasuka upesi) usiiguse kwa mashine ya mkono. Inakata vizuri sana, lakini ikitikisika kidogo inapasuka, na kipande chake ndani ya tundu hakitobolewi na chochote ulicho nacho.

Sasa urefu. 90 kwa 3.3 ni zaidi ya mara 27 ya kipenyo. Biti moja haifanyi kazi hiyo tangu mwanzo, chukua tatu:
- fupi ya kawaida, urefu 65 mm, mfereji (njia ya kutolea maranda) 36
- ndefu (DIN 340, namba ya kiwango cha Kijerumani), urefu 106, mfereji 69
- ndefu zaidi (DIN 1869), urefu 155, mfereji 105

Mfereji lazima uzidi kina cha tundu. Ukizama wote, maranda hayana pa kutokea, yanajazana na biti inajifunga.

Spidi: chukua mita 8 kwa dakika. 8000 ÷ (3.14 × 3.3) = mizunguko kama 770. Kama leithi yako haina hiyo, chukua inayofuata chini, usipande juu. Msukumo uwe 0.04 mm kwa kila mzunguko, yaani takriban 30 mm kwa dakika. Kwa mkono hesabu milimita 1 kila sekunde 2.

#3 shangani_kereza
Ahsante sana kaka. Hapo kwenye msukumo nadhani ndipo penye kosa, biti ikianza kulia mkono unalegea wenyewe. Naomba sasa mpangilio wa hatua, na oili gani. Hapa kuna oili ya injini na ile ya kuchanganya na maji.

#4 mzee_wa_chaki (Mtwara)
Ukisikia mlio usilegeze mkono. Mambo ni mawili tu: ongeza msukumo kidogo ili ncha ipite chini ya ngozi, au toa biti ukainoe. Kulegeza ni kuongeza ngozi.

Kazi yote fanya kwenye leithi, drili ya meza iache. Fimbo ikizunguka na biti ikitulia, tundu linanyooka zaidi kuliko biti ikizunguka ndani ya fimbo iliyofungwa.

Kabla ya kuwasha, kagua teilistoki (kichwa cha nyuma cha leithi kinachoshika biti) kwa geji ya saa, pembeni na kwa urefu. Kwa biti ya 3.3 ikizidi 0.03 mm unaanza na tundu pana mdomoni na biti iliyopinda. Biti ndefu ziviringishe juu ya kioo cha dirisha. Inayorukaruka irudishe dukani.

Uso wa fimbo usawazishe mpaka katikati kusibaki chunusi. Chunusi ndogo tu inaihamisha biti.

Alama ya katikati usiweke kwa senta drili ya digrii 60, maana biti ya 135 ikiingia mle inagusa kwa pembe zake za nje kabla ya ncha, na pembe ndizo zinazokufa mapema. Tumia biti fupi nene ya digrii 140, ikikosekana hata ya 135 yenyewe ukiwa umeitokeza nje ya chaki (kishikio cha biti) kidogo sana. Zama milimita 1 basi.

Halafu biti fupi mpaka 30 mm, ya 106 mpaka 60, ya 155 mpaka 90. Zipime zote tatu kwa mikrometa. Fupi iwe nene kuliko zinazofuata kwa 0.01 au 0.02, au angalau zilingane. Ya pili ikiwa nene kuliko ya kwanza itabana kuta za tundu lote la juu kabla haijafika chini. Hili watu wengi hawalipimi, kisha wanalaumu kiwanda cha biti.

Biti ndefu usiiingize mashine ikiwa kwenye 700. Ikiwa nje ya tundu inayumba kama fimbo ya kuvulia. Zima mashine, isukume kwa mkono mpaka ibaki milimita 1 kutoka chini, washa, kisha endelea kwa msukumo kamili.

Ukipita 60 mm shusha spidi ije kwenye mita 6 kwa dakika, mizunguko kama 580. Msukumo usishushe. Wengi wanashusha vyote viwili, matokeo yake ni kusugua.

Oili ya injini imetengenezwa izuie kukwaruzana, haina dawa ya kukatia. Ile ya kuchanganya na maji ikiwekwa asilimia 8 hadi 10 inapooza vizuri juu juu, ila bila presha haifiki chini ya tundu la 3.3. Tafuta oili nzito ya kukatia yenye salfa au klorini, agiza Dar, mtaa wa Gerezani ipo. Chovya biti kila inapotoka na tia matone mdomoni mwa tundu.

#5 newala_mitambo
Shikamoo mzee. Ikiwa tunachohitaji ni salfa, huku Newala salfa ya unga ipo kila nyumba kwa ajili ya ubwiriubwiri wa mikorosho. Je, haiwezi kuchanganywa na mafuta ya nazi tukapata oili hiyo?

#6 fundi_nyangao
Ndugu, usifanye hivyo, na hasa usichemshe.

Salfa ya kwenye oili ya kiwandani imeunganishwa na mafuta kikemikali. Inapokutana na joto la ncha inatengeneza utando kati ya biti na maranda, ndiyo maana havigandani. Unga wa mikorosho ukiukoroga kwenye mafuta baridi hauyeyuki ila kidogo sana, unatuama chini ya kopo. Ukipasha moto ili uyeyuke, salfa na mafuta vinatoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza. Inaua, na ikizidi inakufanya usiisikie tena harufu yake. Karakana ya mabati yenye mlango mmoja si mahali pa jaribio hilo.

Mafuta ya nazi peke yake lakini nayaunga mkono. Mafuta ya mimea na ya wanyama yalitumika kukatia chuma kabla ya oili za viwandani, yanashika uso wa chuma vizuri kuliko oili ya injini. Kwa tundu la mpaka 30 mm yanatosha. Kwa 90 mm nunua oili yenyewe, lita moja inamaliza vipande 8 na inabaki. Ukitumia ya nazi, ukimaliza futa njia za leithi, yakilala yanaganda na kunata.

Neno kuhusu oili yenye klorini: kama mfuko utachomelewa flanji au nati, osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni mpaka ndani ya tundu. Klorini iliyobaki kwenye stenlesi inayopata moto inaleta nyufa.

#7 kilwa_toolroom
Nashukuru kwa uzi huu. Kuhusu kuingia na kutoka, mimi ni muumini wa hatua fupi sana. Nusu milimita, toka, nusu milimita, toka. Maranda hayapati nafasi ya kujaa kabisa.

#8 mzee_wa_chaki
Hapo natofautiana nawe, mwanangu. Kwenye shaba sawa. Kwenye 316 kila unaporudi ndani ncha inagusa sakafu iliyokwisha kukazwa na kipigo kilichopita. Ukichukua nusu milimita, sehemu kubwa ya kukata kwako ni ngozi tupu. Hatua inatakiwa iwe ndefu kiasi cha kufanya kazi ndani ya chuma laini, na fupi kiasi cha mfereji kubeba maranda yake.

Kwa 3.3 mm nenda hivi: 10 za kwanza kwa mkupuo mmoja, kisha hatua za milimita 3 mpaka 30, za milimita 2 mpaka 60, za milimita 1.5 mpaka 90. Ni kama kuingia na kutoka mara 43 kwa tundu moja. Ni nyingi, ila kila moja ina sababu.

Unapotoka, toka kabisa. Kuirudisha biti nusu njia ni kumwaga maranda nyuma yake, ukisonga mbele inayasaga, na yamekwisha kuwa magumu kuliko fimbo. Pangusa mfereji kwa brashi, chovya, rudi haraka mpaka ubakize nusu milimita, kisha shika msukumo.

Macho yawe kwenye maranda. Yakitoka mafupi au yaliyojikunja, meupe au yenye umanjano kwa mbali, endelea. Ya kahawia au ya bluu kwa biti za kobalti maana yake spidi imezidi au makali yamekwisha. Nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye biti zinadai msukumo zaidi. Unga kama mchanga ndio mbaya kuliko vyote, pale hukati tena. Toa biti, itazame pembe za nje kwa lenzi. Ukiona mng'ao mweupe pembeni ya makali, noa.

#9 kilwa_toolroom
Nimekuelewa mzee, ahsante. Hatua nitazirefusha.

#10 dada_mikindani
Wakubwa, niongeze la mashine. Kuzungusha gurudumu la teilistoki mara 43 kwa kina cha 90 kunachosha mkono, na mkono uliochoka hausukumi sawasawa. Isitoshe teilistoki nyingi zina mwendo wa mm 80 hadi 100 tu, kwa hiyo kwa biti ndefu itabidi uihamishe katikati ya kazi.

Funga chaki ya drili kwenye kibeba kisu, juu ya gari la leithi (sehemu inayoteleza juu ya kitanda chake). Tengeneza kipande cha mraba chenye tundu la kushikia shina la chaki, na tundu hilo litoboe likiwa limefungwa palepale, biti ikiwa kwenye chaki kuu ya leithi, ili urefu wa katikati uwe sahihi bila vibati. Kisha sawazisha pembeni kwa geji ya saa na ufunge slaidi ya kukata isisogee. Gari linaenda na kurudi kwa mpigo mmoja wa gurudumu, kina unakisoma kwenye duara la gari, na kama leithi yako ina otomatiki ya 0.04 au 0.05 msukumo unakuwa uleule kila hatua. Weka kizuizi kitandani kwa ajili ya ile 90 ya mwisho.

La pili, umeme. Ukikatika biti ikiwa ndani, usisubiri urudi. Zima swichi kuu, zungusha chaki kwa mkono upande uleule wa kukata huku ukirudisha gari nyuma taratibu. Ukirudi wakati ncha imelala kwenye sakafu ya tundu, mota inaanza na mshtuko na 3.3 haivumilii.

La tatu, tundu likienda upande. @shangani_kereza umefanya vema kuanza na fimbo ya 16. Toboa kwanza, kereza nje baadaye, mdomo wa tundu ukishikwa na senta ya kuzunguka. Kuta zitakuwa sawa upande wa mdomoni. Upande wa ndani huwezi kuuona, lakini unaweza kuukisia: ingiza pini iliyonyooka ya 3.2 mm yenye urefu wa mm 150, zungusha fimbo polepole, na soma geji kwenye sehemu iliyobaki nje. Pini ikiyumba kama nusu milimita kati ya juu na chini, kwa ukuta wa 4.35 mm uliobaki bado uko salama, ila chunguza teilistoki au kile kipande chako cha mraba kabla ya fimbo inayofuata.

#11 shangani_kereza
Dada, hilo la gari sikulifikiria kabisa. Linaanza leo. Swali dogo, nimeambiwa badala ya 316 nichukue 303, inatoboka kirahisi. Ni kweli?

#12 fundi_nyangao
Inatoboka kirahisi, kwa sababu imetiwa salfa inayokata maranda. Salfa hiyohiyo inaipunguzia uwezo wa kuhimili kutu, na haichomelewi vizuri. Kwa hewa ya chumvi ya Mtwara, na mafuta ya maganda ya korosho yanayokula kila kitu, baki na 316. Yenyewe ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayoizuia isitoboke vidoa vya kutu karibu na bahari.

Ukinunua kipande kisicho na cheti, sumaku inasaidia nusu tu. 416 na 430 zinashikwa kwa nguvu, zikatae. 304 na 316 hazishikwi, isipokuwa 304 iliyovutwa baridi inaweza kushikwa kidogo. Maranda ya 304 nayo sumaku inaweza kuyavuta kidogo, usidhani umeuziwa feki. Ila sumaku haiwezi kukutenganishia 304 na 316.

#13 masasi_bomba
Wakuu, nami niulize hapahapa. Nozeli za 316, matundu ya 1 mm, unene 12 mm. Namba hizohizo?

#14 mzee_wa_chaki
Kanuni ileile, namba tofauti. Mita 8 kwa dakika kwa 1 mm ni mizunguko 2,550, kwa hiyo leithi ya mwenzio ya 1400 haikufai, tumia drili ya meza yenye kasi. Msukumo 0.01 hadi 0.015 kwa mzunguko. Hatua ya kwanza milimita 2, zinazofuata 0.5. Hapa nusu milimita ni nusu ya kipenyo, kwa hiyo inafaa.

Biti itokeze nje ya chaki kiasi cha kazi tu, mm 15 ukianza. Chaki ya kawaida ikiyumba 0.05 ni kosa kubwa kwa biti ya 1, tafuta ndogo ya kushika pini. Springi ya mkono wa drili ilegeze ili usikie ncha kwa vidole. Na pale inapokaribia kutokea upande wa pili weka bamba la 316 chakavu chini, ukilibana kwa nguvu na kazi. Biti za 1 mm nyingi hufa pale zinapotokea, kwa kuwa msukumo unabaki uleule wakati chuma kimeisha.

#15 shangani_kereza
Swali la mwisho. Biti ikikatikia ndani, kuna njia ya kuiokoa?

#16 dada_mikindani
Kama kipande kimebaki juu ya mdomo, kishike na plaizi ndogo ukizungusha kinyume na kukata, huku ukimimina oili nyepesi na kugonga fimbo kwa nyundo ya shaba ili maranda yaachie. Ikiwa imezama 40 mm kwenye tundu lisilotokea, karakana ya kawaida haiitoi. Mashine ya kuchoma kwa cheche za umeme inaweza, lakini fimbo mpya ni nafuu kuliko kazi hiyo. Usijaribu kuitoboa kwa biti nyingine, itateleza pembeni na kukupa tundu linalokaribia kutokea ubavuni, na mfuko wa namna hiyo usiufunge kwenye mvuke hata kidogo.

Vikishakwisha vyote 8: osha, kisha loweka kwenye maji ya asidi ya limau ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita, nyuzijoto 60, dakika 30, halafu suuza kwa maji safi. Inaondoa chembe za chuma laini zilizobaki kutoka kwenye visu na mawe ya kunolea. Bila hivyo utaona madoa ya kutu na utadhani umeuziwa fimbo mbaya.

Jaribu kila mfuko kwa presha ya maji kutoka upande wa nje, mara 1.5 ya presha ya kazi. Mvuke wa bar 7 basi jaribio bar 10.5, dakika 10, tundu likiwa kavu na mdomo wake wazi ukiutazama. Tone moja likionekana ndani, kipande hicho ni chakavu. Maji, si hewa: hewa iliyobanwa ikipasua inarusha vipande.

Na kipima joto kisukumwe mpaka kiguse chini. Ncha ya 135 inaacha koni ya kama 0.7 mm, hiyo haina neno. Kikining'inia milimita 10 juu ya sakafu ya tundu kitasoma kwa kuchelewa, na mpishi wa korosho atazidisha mvuke.